Matandiko Matatu Sebuleni kwa Mama

Kazi niliipata kwa kusema uongo, na uongo wenyewe haukuwa mkubwa kiasi hicho. Mama mwenye shamba, kule nje kidogo ya mji wa Iringa, aliniuliza kama nina uzoefu wowote na farasi, kwa sababu mtunza stoo wake angekuwa anatunza pia vifaa vya farasi. Nikamwambia marehemu babu yangu alikuwa mtu wa farasi. Ukweli ni kwamba babu aliwapikia ugali vibarua kwenye shamba la mzungu mmoja, na siku moja farasi alimfukuza kutoka jikoni hadi mtoni kwa ajili ya sukari iliyokuwa mfukoni mwake. Kwangu mimi huo ulikuwa uhusiano wa kutosha. Mama mwenye shamba aliandika kitu kwenye daftari, akanipa miezi mitatu ya majaribio, nami nikatoka pale kifua mbele.

Farasi mwenyewe alikuwa mmoja tu. Jike mzee, rangi ya chai ya maziwa, tumbo limeshuka, na macho ya mwalimu anayesubiri jibu ambalo anajua hulijui. Mama mwenye shamba alimpanda kila asubuhi kukagua uzio na ng'ombe, ingawa umri wake ulishapita miaka sitini na magoti yake yalisikika kabla hajaonekana. Wafanyakazi wenzangu walipofika asubuhi walimwambia yule farasi "kamwene" kwanza, halafu ndipo wakanisalimia mimi. Nilinuna siku mbili tatu, kisha nikazoea.

Mwezi wa pili mchwa waliingia stoo. Walilila tandiko la farasi polepole na kwa adabu, wakabakiza ngozi juu na unga ndani, kiasi kwamba nililiona zima mpaka siku lilipovunjika mikononi mwangu mbele ya mwenye mali. Stoo ilikuwa yangu, mchwa pia walihesabika kuwa wangu. Mama mwenye shamba hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema amesikia kuna mtu Mbeya anauza matandiko ya zamani ya kimarekani, yale ya wachunga ng'ombe, yenye pembe ya kushikia pale mbele, na kwa magoti yake pembe hiyo aliihitaji.

"Wewe si ndiye mtu wa farasi," akasema. "Nenda, chagua moja lililo zuri, urudi nalo baada ya wiki. Ukileta baya, majaribio yako yameishia hapo."

Basi lilisimama Chimala, abiria wakashuka kununua mchele, mimi nikabaki kwenye siti nikitazama video za matandiko kwenye simu. Mzee mmoja mwenye kofia pana alikuwa anaeleza kwa kiingereza cha puani. Nilichopata ni kwamba ndani ya tandiko kuna fremu ya mbao, wao wanaiita mti, na mti ukivunjika tandiko limekufa hata kama ngozi inang'aa. Alionyesha namna ya kupima: unalikumbatia tandiko, unaliegemeza tumboni, unalivuta kwa nguvu uone kama linakunjika. Niliona ni jambo rahisi. Nililala kuanzia hapo hadi Mbeya.

Muuzaji alikuwa kando ya barabara ya kwenda Chunya, kwenye banda la vitu vilivyotumika: makochi, magodoro, mashine za kukimbilia ambazo hakuna mtu wa Mbeya anayeweza kuzihitaji, maana mji wote ni mlima. Matandiko matatu yalikuwa juu ya friji. Alikuwa hajui hasa ni vitu gani. Moja alishawahi kumuuzia mchimbaji wa dhahabu wa Chunya, ambaye alilifunga kwenye gogo akawa anakalia mdomoni mwa shimo lake, lakini wenzake wakaanza kumwita mheshimiwa na kumpigia saluti kila wanapotoka chini, akalirudisha baada ya wiki mbili likiwa limejaa vumbi jekundu. Mteja mwingine aliviona vile vikuku vya kutilia miguu akauliza kama ni vya kuwekea vyungu vya maua, naye muuzaji, kibiashara, alikubali. Nilipomwambia kwamba mimi ni mtaalamu kutoka Iringa alifurahi sana. Aliniruhusu niyachukue yote matatu nikayajaribu kwa wiki nzima, nimwachie kitambulisho changu.

Mama yangu anaishi mlimani, juu ya jiji, mahali ambapo sweta si nguo ya msimu. Ana shamba la viazi, ng'ombe mmoja wa maziwa, na sebule ndogo yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo nilichokodi, kilituacha barabarani, kwa sababu kutoka pale kwenda nyumbani ni kinjia cha kupanda tu, na majirani wawili wakanisaidia kupandisha mizigo. Mama ndiyo kwanza alikuwa amerudi kupeleka viazi barabarani kwa wachuuzi, kama anavyofanya kila asubuhi. Alikuwa amesimama mlangoni anajikanda shingo. Aliyatazama matandiko yakipita mbele yake moja baada ya jingine, akauliza kama hizo ndizo ngozi, nyama iko wapi.

Mama huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake, yule yule wa sukari mfukoni. Akiwa na furaha naitwa baba. Akikasirika naitwa wewe baba. Nilipomweleza kwamba kazi yangu inategemea kuchagua moja kati ya yale matatu, aliacha kujikanda shingo. Alikumbuka nilivyokaa miaka miwili bila kazi, nikinywa uji wake na kumsimulia mipango.

"Basi chagua vizuri, wewe baba," akasema. "Na usiyaweke njiani."

Niliyaweka njiani. Sebule haikuwa na mahali pengine.

La kwanza lilikuwa jekundu, na ningelioa kama ingewezekana. Lilichongwa maua kila mahali, lilipigwa misumari ya shaba pembeni, na kiti chake kilikuwa na sponji iliyofunikwa ngozi laini ya manyoyamanyoya. La pili lilikuwa jeusi na jembamba, gumu, lenye mgongo uliosimama wima nyuma, ukilikalia unajikuta umenyoosha kiuno na kukumbuka makosa yako. La tatu ndilo lile la Chunya. Halikuwa na rangi unayoweza kuitaja. Kiti chake kilikuwa ngozi tupu iliyobonyea kwa kukaliwa na mtu mmoja miaka mingi, huko alikokuwa, na pembe yake ilikuwa imelika upande mmoja. Kikuku kimoja kilishikiliwa na waya. Nililiweka nyuma ya mlango, kwa heshima ya yale mengine.

Nilianza utafiti asubuhi iliyofuata. Nilifungua daftari la kurasa nyingi, nikachora safu, nikaketisha kila tandiko kwenye mkono wa kochi. Kipimo changu kilikuwa kikombe cha chai. Kwenye jekundu nilimaliza vikombe viwili na ningeendelea kama chai ingekuwepo. Kwenye jembamba nilifika nusu kikombe, nikasimama bila kuamua kusimama. Kwenye lile kuukuu nilimaliza kikombe kimoja bila kuwa na maoni yoyote, na kwenye daftari nikaandika hivyo hivyo: hakuna maoni. Halafu nikakumbuka kile kipimo cha tumboni. Nililikumbatia jekundu nikalivuta, likanibana ngozi ya tumbo mpaka machozi yakanitoka, nikaandika: imara sana.

Habari zilisambaa. Mtu wa mlimani hawezi kuingiza vitu vitatu vya ajabu sebuleni mwa mama yake halafu akakaa navyo peke yake. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alikuja kusalimia, akalikalia jekundu, akasikiliza taarifa ya habari yote redioni pamoja na matangazo ya vifo. Jirani mwingine alisema ile pembe ya mbele ni ya kutundikia mkoba, mama akakubaliana naye na kutundika wake pale wiki nzima. Nasema hili kwa sababu baadaye mama atakuwa sahihi sana katika habari hii, na ni vizuri ijulikane kwamba kwenye pembe alikosea.

Kulikuwa pia na suala la vikuku. Vilikuwa vimekauka vikitazama ndani, na mzee wa kofia pana alikuwa amesema kwamba unapitisha fimbo ndefu kwenye vyote viwili na kuviacha usiku kucha vijifunze kutazama mbele. Fimbo sikuwa nayo. Nilichukua jembe la mama. Asubuhi alilitafuta jembe lake kwenye zizi, jikoni, hata kwa jirani, na alipolikuta limelazwa ndani ya vikuku kama mgonjwa kwenye machela, aliniita wewe baba mara tatu kwa pumzi moja. Alichelewa shambani siku hiyo. Mimi nilikuwa nimelikalia jekundu.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mama kupokea jumuiya ya akina mama. Walikuja kumi na tatu, wakifuatana na mwinjilisti, na viti havikutosha, kwa hiyo matandiko yakapandishwa juu ya benchi yakawa viti. Mwinjilisti, kwa unyenyekevu, alichagua jembamba. Mtu yule anajulikana mlima mzima kwa urefu wa maombi yake, watu huacha maharage motoni yakaiva akiwa bado kwenye kuombea mataifa. Siku ile aliomba kwa dakika mbili, akasema amina, akasimama. Akina mama walitazamana. Baada ya ibada mmoja wao alipendekeza, kwa sauti ya chini, lile jembamba lipelekwe kanisani likae pale kabisa.

Ndipo nikapata wazo la kura. Nilimwomba kila mama akae kwenye yote matatu halafu anyooshe mkono, kama wanavyochagua viongozi wa kwaya. Jekundu lilipata mikono kumi na mmoja. Kuukuu lilipata miwili, na mmoja wa hao wawili nadhani alikuwa anajikuna. Jembamba halikupata kitu, ila lile pendekezo. Mama hakupiga kura kwa sababu alikuwa anagawa chai. Nilimwita aje akae naye, akasema hana nafasi ya kukaa, kuna watu kumi na wanne nyumbani kwake na vikombe ni tisa.

Ijumaa mama alikwenda shambani, na mimi na mwalimu mstaafu tukaamua kufanya jaribio kamili, yaani juu ya mnyama. Ningeomba ruhusa kama mwenye ng'ombe angekuwepo. Ng'ombe wa mama ni mpole kupita kiasi, ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Tukamfunga jekundu, mwalimu akishika kamba. Ng'ombe akapinda mwili upande wa kushoto, akarudi nyuma hatua nne, halafu akalala chini na kukataa kuamka. Mwalimu alisema ni ujinga wa mnyama asiyesafiri. Tukamfunga jembamba, akaenda kujisugua ukutani mpaka likamzunguka likaning'inia tumboni. Tukamfunga kuukuu, akaendelea kucheua, akanitazama, akaendelea kucheua. Nilipanda nikakaa juu yake muda mrefu nikiwa na huzuni kwamba si jekundu. Kwenye daftari tukaandika: kufikia tandiko la tatu ng'ombe alishazoea.

Jioni maziwa yalipungua. Mama alimuuliza ng'ombe kwanza. Kisha akaniuliza mimi, nikasema labda ni baridi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimemaliza uamuzi. Daftari lilikuwa limejaa, makalio kumi na matano tofauti yalikuwa yametoa ushahidi, na matokeo yalikuwa wazi kuliko uchaguzi wowote niliowahi kuuona. Nilikuwa nachukua jekundu. Kirikuu kingefika barabarani saa tatu kubeba yote, mawili yakirudi kwa muuzaji na moja likienda Iringa kuokoa kazi yangu. Majirani walikuwa wamekwenda gulioni. Nililinyanyua jekundu nikalibeba begani, likateleza. Nikalibeba tumboni, likanibana pale pale pa siku ile. Mama alinitazama nikihangaika uani kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Lete," akasema.

Aliviringa khanga yake kuukuu akatengeneza ngata, kubwa kidogo kuliko ile ya viazi, akaiweka kichwani, akainama. Nikalipandisha. Tandiko likamkalia mama kichwani huku na huku, bawa moja kulia na jingine kushoto, kama linavyomkalia farasi, na vikuku vikamning'inia masikioni. Nilicheka. Naye alicheka, akaniambia nisimchekeshe atadondosha. Tukashika kinjia, yeye mbele na tandiko, mimi nyuma na kibegi changu.

Kile kinjia tumekipita hivyo mara nyingi. Siku nilipokwenda kidato cha kwanza bweni, mama alinibebea tranka langu la bati, lililojaa madaftari na unga wa lishe na kufuli mbili, kutoka mlangoni hadi barabarani. Mimi nilifuata nyuma na ndoo iliyokuwa na mswaki ndani yake. Nilikuwa najisikia mkubwa sana siku ile, nakumbuka nilimwambia apunguze mwendo. Sasa nilikuwa nyuma yake tena, nikimweleza juu ya maua yaliyochongwa kwenye ngozi na jinsi shaba ya zamani inavyotofautiana na ya sasa.

Kwenye kona ya chemchemi alisimama. Akainama taratibu, akalitua tandiko kwenye majani, akashika shingo.

"Hili linauma," akasema.

Nilimweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Lina sponji. Nilimkumbusha kura kumi na moja, nikamkumbusha mwalimu na taarifa ya habari. Nilikuwa na daftari kwenye kibegi na nilikuwa tayari kulitoa.

"Hao walikaa juu," akasema. "Mimi niko chini. Huko Iringa atakayekuwa chini ni nani?"

Nikasema farasi.

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Na ng'ombe, ambaye alijibu bila kuulizwa, tulikuwa tumemwita mjinga. Mama alinituma nyumbani kuleta mengine mawili, nikapanda na kushuka mara mbili nikitweta, wakati yeye amekaa kwenye jiwe anakula hindi la kuchoma ambalo sikujua alikuwa nalo. Kisha akaanza. Alijitwisha jembamba, akatembea hadi mgomba wa kwanza na kurudi, akasema hili ni kama kubeba kigoda miguu ikiwa chini. Watu waliokuwa wanakwenda gulioni walisimama. Hakuwajali. Alijitwisha jekundu mara ya pili, kwa haki, akatembea hatua chache, akalitua kwa haraka kuliko mwanzo. Alisema linalalia kushoto, na pale kushoto kuna kitu kinasukuma, hata ngata haikizuii.

Halafu akajitwisha kuukuu. Alitingisha kichwa kidogo kulia na kushoto, kama mtu anayejaribu kofia dukani. Aliondoa mkono mmoja, akaondoa na wa pili. Kisha akaanza kushuka, mikono inaning'inia, mwendo wake wa kila siku wa viazi, na hakusimama tena. Nilimkimbilia nyuma nikiwa na matandiko mawili na kibegi, nikianguka na kuamka, na nilipofika barabarani nilimkuta anazungumza na dereva wa kirikuu habari za bei ya mbolea, tandiko bado liko kichwani, amelisahau.

Aliligeuza juu chini akanionyesha. Chini kulikuwa na manyoya ya kondoo, si mapya, lakini yaliyoshonwa upya kwa mkono, sindano moja moja, yamelala sawasawa pande zote. Mtu fulani, kokote alikokuwa, hakujali kiti chake kibonyee namna gani, ila kule chini alikushughulikia. Kisha mama akaushika mkono wangu akaupitisha chini ya jekundu. Kulia palikuwa laini. Kushoto kulikuwa na kinundu kigumu kama kokwa. Wiki nzima sikuwahi kuligeuza hata mara moja.

Nilirudi Iringa na tandiko baya kuliko yote, na njia nzima nilijuta. Nilijua lipi mama mwenye shamba angelipenda akiliona. Alipolitazama lile kuukuu na waya wake pale stoo, alinigeukia akanitazama mimi muda mrefu. Wafanyakazi wenzangu walisogea. Alilichukua mwenyewe, akalibeba kwa shida hadi kwa farasi, akamtandika. Aliingiza kiganja chini ya tandiko mbele, akakipitisha hadi nyuma, upande huu na upande ule. Yule farasi jike alishusha kichwa, akatoa pumzi ndefu puani, akaanza kula majani yaliyokuwa karibu na kiatu changu.

Mama mwenye shamba akapanda, akashika pembe, akaondoka hadi uzio wa mbali kabisa. Nilisimama pale pale. Aliporudi na kushuka, magoti yakilia, aliniuliza nilijuaje, maana watu wote hutazama juu.

Uongo ulikuwa umeshajipanga mdomoni, na babu alikuwa ndani yake. Lakini nilikuwa nimechoka kumsingizia yule mzee.

"Sikujua," nikasema. "Nilichagua jingine. Hili amelichagua mama yangu. Aliyabeba yote kichwani."

"Na babu yako?"

"Babu alikuwa anapika, mama. Farasi alimfukuza."

Alicheka hadi akajishikilia kwa farasi. Alinithibitisha kazini siku hiyo hiyo, ila alifafanua kwamba ni kazi ya stoo tu, na kwamba siku akihitaji tandiko jingine atampigia simu mama yangu, nami nimpe namba. Nikampa.

Wiki chache baadaye yule muuzaji wa Mbeya alinipigia. Nilidhani anataka kuniuzia jembamba. Alikuwa na habari ya jekundu: alilipeleka kwa fundi makochi alifanye stuli, na fundi alipochana ngozi akakuta ule mti wa ndani umevunjika upande wa kushoto, na mtu wa zamani aliuunga kwa msumari, na msumari umepinda kwenda chini. Alisema kwa kukaa huwezi kuujua kabisa. Lazima uwe unabeba.

Nilikata simu nikabaki nimesimama katikati ya stoo. Nilikuwa nawaza jinsi mama alivyoujua upande. Hakubahatisha, alisema kushoto mara moja, kama mtu anayetaja jina la jirani. Nikaanza kukumbuka vitu vidogo ambavyo nimekuwa nikivitazama maisha yangu yote: ule mkono wake shingoni pale mlangoni, na kwenye kona ya chemchemi, na siku zote baada ya viazi, kila mara upande ule ule. Nilijisikia vibaya. Nikampigia.

Tulisalimiana kirefu, aliuliza farasi anaendeleaje, nikasema mzima. Kisha nikamuuliza kama shingo yake inauma.

Nilimsikia anatua ndoo chini kwanza.

"Kushoto," akasema. "Tangu lile tranka."

Niliuliza kwa nini hakuwahi kusema. Hakuwa na hasira, hata hakuniita wewe baba.

"Ningemwambia nani, baba. Nyie mlikuwa mnapiga kura nani amekaa vizuri."

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda nyumbani. Nilimpeleka hospitali, akakandwa, akapewa mazoezi ambayo hayafanyi. Na asubuhi ya viazi niliviringa khanga, nikatengeneza ngata ya hovyo, nikamwambia leo nabeba mimi. Alinitwisha. Mwanaume mzima na gunia kichwani, magoti yamefunguka, mikono miwili imeng'ang'ania juu kama mtu aliyekamatwa, na mwalimu mstaafu alitoka nje na kiti chake ili aone vizuri. Mama alitembea nyuma yangu na kibegi kidogo, akinielekeza niangalie mbele, nisiangalie miguu, nipunguze mwendo. Kwenye kona ya chemchemi nilishindwa. Nililitua gunia kwenye majani, nikashika shingo, nikamwambia inauma.

Akaniuliza upande gani.